Maswali ya Wasomaji: Kuanza Maisha Dar es Salaam

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu waliohamia Dar es Salaam hivi karibuni, au kwa wazazi wanaojiandaa kuwatuma watoto wao huko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, kwa hiyo si ajabu kwamba malalamiko ya wageni yanafanana: chumba, nauli, umeme, maji na matapeli. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa mgeni akikosea kuchagua chumba, shida nyingine nyingi humfuata humo humo ndani.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni kijana kutoka Kahama, nimepata kazi katika ghala moja lililopo Barabara ya Nyerere, jirani na Tazara. Kwa sasa nimefikia kwa kaka yangu Tegeta. Dalali amenitumia picha za chumba chenye choo ndani huko Mbezi, na kodi yake ni ndogo kuliko ya vyumba vya kawaida ambavyo wenzangu wa kazini wamepanga Ukonga na Gongo la Mboto. Anataka nimtumie kwa simu fedha ya kushikilia chumba kabla sijakiona, na anasema mwenye nyumba hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nifanyeje? – *Mgeni wa Tegeta*

JIBU: Ndugu yangu, karibu Dar es Salaam, na tafadhali usitume fedha yoyote. Chumba ambacho hujakanyaga sakafu yake hakishikiliwi kwa malipo. Picha moja inaweza kuzungushwa kwa wateja kumi, na kila mmoja akaambiwa kwamba yeye ndiye wa kwanza. Dalali wa kweli ana haki ya ujira wake, ambao kwa desturi ya mji huu ni kodi ya mwezi mmoja, nao hulipwa baada ya wewe kukubaliana na mwenye nyumba. Wapo pia wanaotoza fedha ndogo ya kukuzungusha kwenye vyumba. Hiyo mnaweza kuelewana mapema, lakini iwe ni malipo ya kutembezwa kwa miguu mitaani, yasiwe ya kuonyeshwa picha.

Kabla hatujafika kwenye kodi, hebu tuutazame mji wenyewe, kwa sababu wageni wengi huulizia bei ya chumba bila kuulizia barabara. Dar es Salaam imejengwa kufuata barabara kuu zinazotoka katikati ya mji. Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini kupitia Mwenge hadi Tegeta na Bunju, ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara, ya Nyerere inapita Tazara na uwanja wa ndege hadi Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, na ya Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Kigamboni iko ng'ambo ya maji, nako hufikiwa kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Anayeishi na kufanya kazi kandokando ya barabara moja hupanda gari moja. Anayelazimika kuhama kutoka barabara moja kwenda nyingine hutegemea Barabara ya Mandela, inayotoka Ubungo kupitia Buguruni hadi Tazara na kuendelea upande wa bandari, au ya Sam Nujoma inayounganisha Mwenge na Ubungo, na hapo ndipo foleni na kubadilisha magari huanza kumla.

Sasa, dalali wako anasema Mbezi. Mbezi ipi? Ipo Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, na ipo Mbezi ya Barabara ya Morogoro, ambayo wengi huiita Mbezi Luis au Mbezi ya Kimara. Ni sehemu mbili tofauti, na mgeni akikosea hapo atajikuta upande mwingine kabisa wa mji na mizigo yake mkononi. Tukichukulia kwamba ni ile ya Morogoro, kila asubuhi utashuka hadi Ubungo, utafute gari la Mandela, kisha ufike Tazara. Hayo ni magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, utalipa nauli mara 104. Mwenzako wa Gongo la Mboto, anayepanda gari moja tu kwenda na moja kurudi, atalipa mara 52. Zidisha tofauti hiyo kwa nauli iliyobandikwa kwenye magari ya njia hizo, halafu ujumlishe na kodi. Nina shaka kama chumba cha Mbezi kitabaki kuwa nafuu.

Tena hesabu hiyo haijagusa jambo ambalo wenyeji hulijua na wageni hawaambiwi. Asubuhi na jioni, katika vituo vyenye watu wengi, abiria huwa hawasubiri gari lifike mwisho wa safari yake. Hulifuata kituo kimoja au viwili nyuma, huingia likiwa linaelekea mwisho, kisha hugeuka nalo wakiwa wameshakaa. Huko ndiko kugeuza, na konda hudai nauli ya pande zote mbili. Ukiishi mbali na kazini, utavumilia kusimama wiki ya kwanza, lakini kufikia mwezi wa pili utakuwa unageuza kama wengine, na bajeti yako itakuwa imebadilika bila wewe kuamua. Ushauri wangu ni kwamba uchukue chumba kidogo kilichopo kwenye barabara ya kazi yako, hata kama choo ni cha nje, kuliko chumba cha kujivunia kilichopo kwenye barabara ya watu wengine.

Ukishapata mtaa, nenda kukiona chumba mara mbili, mchana na jioni. Mchana utaona kuta. Jioni utawakuta wapangaji wenzako, ambao ndio watakaokuambia ukweli kuhusu maji, kelele, wezi na tabia za mwenye nyumba. Angalia ukuta wa nje usawa wa magoti. Ukiona mstari wa rangi ya udongo unaokwenda sambamba kuzunguka nyumba, au ukikuta kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa matofali mawili matatu, ujue maji huingia humo. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na maeneo ya bonde la Mto Msimbazi, ikiwemo Jangwani, yamefurika mara nyingi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa mabondeni. Chumba kinachotangazwa mwezi wa Agosti kwa kodi ya kushangaza, karibu na mto, kina sababu yake. Uliza vilevile kama majirani huwa wanatapisha vyoo, yaani kufungulia majitaka yatoke nje, mvua inaponyesha. Swali hilo si la adabu sana, lakini kipindupindu nacho hakina adabu.

Kuhusu kodi ya miezi sita, hiyo ni desturi iliyozoeleka na wengine hudai hata ya mwaka mzima. Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo muda wa malipo na kiasi chake hutegemea makubaliano yenu wawili. Omba miezi mitatu. Katika mitaa ya pembezoni wapo wenye nyumba wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu, nawe ukijieleza kwa heshima na kuonyesha barua ya ajira. Malipo yasifanyike mpaka umeonana ana kwa ana na mwenye nyumba au msimamizi anayetambulika, na njia rahisi ya kuthibitisha hilo ni kupita ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, ukauliza nyumba ile ni ya nani. Watu wamewahi kulipa kodi kwa mpangaji aliyekuwa akijiandaa kuhama.

Mkataba uwe wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, wenye majina kamili, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kumalizika, muda wa kupeana notisi, na saini za mashahidi wa pande zote. Andikeni pia ni nani atakayelipia maji, taka, ulinzi shirikishi na kunyonya choo kikijaa. Mambo haya huonekana madogo siku ya kuhamia, lakini ndiyo yanayowafikisha watu kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukilipa taslimu, dai stakabadhi. Ukilipa kwa simu, jina litakalojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala lifanane na lililopo kwenye mkataba.

SWALI: Ndugu Mhariri, tupo wapangaji saba katika nyumba moja huko Tabata, na wote tunatumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kila mmoja huchanga sawa, ingawa mmoja ana friji na mwingine hupikia jiko la umeme. Mimi nina taa na simu tu. Zaidi ya hayo, kila mwanzo wa mwezi tukinunua umeme tunakatwa fedha ambazo hatuzielewi. Je, tunaibiwa? – *Mpangaji, Tabata*

JIBU: Hamuibiwi, ila mnalipa deni lisilo lenu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, na hukatwa kila mwezi kwenye mita husika. Kodi hiyo ni ya mmiliki wa jengo. Mpangaji anayekatwa anapaswa kurejeshewa au kupunguziwa katika kodi ya chumba, kwa hiyo tunzeni ujumbe wa kila ununuzi unaoonyesha makato hayo na mpelekeeni mwenye nyumba mnapolipa kodi. Mwendeeni kwa upole, tena kwa pamoja, kwa maana mpangaji mmoja akienda peke yake huonekana mkorofi.

Mgawanyo wa umeme ni mgumu zaidi. Ipo bei ya chini kwa watumiaji wadogo wa majumbani, ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Kaya moja yenye taa, redio na feni inaweza kubaki ndani ya kiwango hicho, lakini kaya saba kwenye mita moja haziwezi, na kwa hiyo wewe mwenye taa na simu unanunua kila uniti kwa bei ya juu kwa sababu tu ya kuishi na wenzako. Dawa kamili ni kila mpangaji kuwa na mita yake, jambo linalomhitaji mwenye nyumba aombe na kugharamia. Dawa ya kati ni fundi kuwafungia mita ndogo za ndani zinazoonyesha kila chumba kimetumia kiasi gani, mkachanga kwa kadiri ya matumizi. Ikishindikana yote mawili, basi wekeni viwango viwili vya mchango, cha wenye friji, pasi na majiko, na cha wengine. Mwenye jiko la umeme atanuna. Mwacheni anune wiki moja, halafu mwonyesheni hesabu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mzazi, nipo Sumbawanga. Binti yangu anakuja Dar es Salaam kuanza chuo upande wa Temeke, na hajawahi kufika huko. Basi litaingia usiku. Mjomba wake atampokea, lakini simu yake hupatikana kwa shida. Naomba unisaidie nimwambie nini. – *Mama wa Sumbawanga*

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa binti kufika chuo. La kwanza, hakikisha anafahamu kwamba mabasi ya mikoani hayaishii Ubungo. Tangu mwaka 2021 yanaingia Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, nje kidogo ya mji. Watu wazima wengi bado husema “nitakupokea Ubungo” kwa mazoea, na mjomba naye huenda ni mmoja wao, kwa hiyo waulizeni wote wawili kabla ya siku ya safari.

La pili, tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24, hivyo inawezekana kabisa akashuka saa nane za usiku. Ikitokea hivyo, asitoke nje ya kituo. Akae ndani, mahali penye mwanga na abiria wengine, hasa kina mama wenye watoto, mpaka kupambazuke. Kukesha kwenye benchi kunachosha, lakini hakumpotezi mtu. Ampigie mjomba basi likiwa linapita Chalinze, ampigie tena likifika Kibaha, na namba ya mjomba pamoja na ya jirani yake mmoja ziandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima chaji wakati inapohitajika.

La tatu ni mizigo. Basi likisimama, vijana wataanza kugombania begi lake huku wakimwita dada na kumuuliza anaelekea wapi. Ajibu kwamba anapokelewa, na begi libaki mkononi. Fedha zake asiziweke zote sehemu moja, na yeyote atakayejitambulisha kuwa ametumwa na mjomba aombwe kumpigia mjomba hapo hapo, simu ikiwa kwenye sauti ya wazi. Asubuhi, kama mjomba hajatokea, njia iliyo salama zaidi kwa mgeni mwenye begi zito ni gari la kuitwa kwa programu ya simu, ambapo namba ya gari na jina la dereva huonekana kabla ya kupanda, nawe unaweza kutumiwa taarifa hizo huko huko Sumbawanga. Ni ghali kuliko daladala. Siku hiyo moja, mama, mlipie. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, atayazoea baadaye akiwa hana mzigo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mpya, nimepangiwa shule huko Chanika. Maji ya kisima tunayotumia yana chumvi, na ya kunywa tunanunua kwa madumu. Je, maji hayo ya madumu ni salama? – *Mwalimu, Chanika*

JIBU: Yachukulie kuwa si salama mpaka uyachemshe. Huwezi kujua dumu lilijazwa wapi, wala lilibeba nini jana. Maji ya chumvi yatumie kuoshea vyombo, kufulia na kudeki, na ya kununua yatunze kwa kunywa na kupikia, maana kupikia maharage kwa maji ya chumvi ni kuchoma mkaa bure. Sabuni ya mche nayo haitoi povu la maana kwenye maji hayo, kwa hiyo kwa kufulia utaona watu wengi wa huko wanapendelea ya unga.

Funika ndoo na mapipa yako vizuri. Wageni kutoka bara huja wakijua mbu wa malaria anayeuma usiku, lakini Dar es Salaam ina pia mbu wa homa ya dengue, ambaye huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, kama yale ya ndani ya ndoo, makopo na matairi. Ugonjwa huo ulilipuka mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Chandarua hakikusaidii ukiwa umesimama ubaoni saa nne asubuhi, bali kufunika pipa na kumwaga maji ya makopo kunasaidia. Ukipata homa kali, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Amana.

SWALI: Tangu nimesajili laini mpya nimekuwa nikipata ujumbe unaosema, “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Juzi nilikaribia kutuma kwa sababu kweli nilikuwa nadaiwa kodi. Wamejuaje? Na je, nifungue akaunti ya benki ili fedha ziwe salama? Nimeambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa, ilhali nakaa kwa rafiki. – *Fundi seremala, Mbagala*

JIBU: Hawakujua. Ujumbe huo hutumwa kwa namba nyingi kwa mpigo, na katika mji ambao karibu kila mtu ana mtu anayemdai, lazima baadhi yao utawakuta kwenye siku ya deni. Namba iliyokutumia ujumbe huo iripoti kwa kuutuma kwenda 15040, kisha ufute. Deni lolote lilipe kwenye namba uliyoihifadhi mwenyewe, na kama mdai amebadilisha namba, mpigie usikie sauti yake. Kwa kuwa umesajili laini hivi karibuni, piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, yaani cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika waiondoe. Mawakala wa barabarani wanaokuomba uweke kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kwamba mashine imegoma ndio wanaoleta balaa hiyo.

Barua ya utambulisho haihitaji uwe na chumba chako. Inahitaji ufahamike. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiongozana na rafiki yako mpangaji au mwenye nyumba wake, ukiwa na kitambulisho chako au namba ya NIDA, na picha ndogo mbili. Kama ulipewa barua na mtendaji wa kijiji ulikotoka, ibebe. Ofisa atataka kujua unaishi nyumba gani, kwa hiyo nakili namba ya nyumba na jina la barabara vilivyobandikwa ukutani tangu zoezi la anwani za makazi. Nenda asubuhi siku ya kazi, kwa maana mchana wenyeviti wengi huwa kwenye shughuli zao na mhuri hufungiwa kabatini. Ukiipata, toa nakala kadhaa kabla hujaipeleka benki, kwa kuwa mwajiri na mwenye nyumba wako ajaye wataiomba pia.